Picha kwenye mbao: uprinti moja kwa moja au ubandike stika?

Wengi wanaokuja Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala, wanauliza bei tu, afu wanashangaa kumbe njia ziko mbili.

Ya kwanza ni flatibedi ya UV, yaani printa ya meza bapa yenye taa ya urujuanimno, unalaza ubao wenyewe kwenye meza ya mashine, wino unarushwa na taa inaukausha hapo hapo, na utamu wake ni kwamba mistari ya mbao inaonekana ndani ya picha, kama ni mvule au mahogani aisee inapendeza mpaka basi. Ila mbao ya rangi nzito inameza wino, njano inakuwa kama matope, so fundi lazima atangulize wino mweupe na hapo bei inapanda. Halafu ubao uwe umenyooka, maana kichwa cha mashine kinapita karibu sana juu yake, kikikwaruza ni hasara kubwa. Mimi nilishapeleka plaiwudi iliyonyeshewa kwenye boda ikajikunja, wakanirudishia bila hata kuipandisha mezani, nikanuna, baadaye nikaelewa.

Ya pili ni stika ya vinaili, ile ya plastiki yenye gundi nyuma, ni rahisi, kila kona wanayo. Shida ubao usipopigwa msasa na vanishi gundi inashika vumbi badala ya mbao, kona zinanyanyuka, na mistari yote inafunikwa, sasa mvule wa nini, si ungechukua MDF tu, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa usio na mistari?

Bango la duka la miezi kadhaa, bandika stika. Picha ya harusi ya sebuleni ni UV, hapo sibishani na mtu.