Siku Moja Mount Airy, Mji wa Wapenzi wa The Andy Griffith Show

Kwa miaka miwili nilimhudumia nyumbani kwake bibi mmoja wa Winston-Salem, katika jimbo la North Carolina, na kila siku baada ya chakula cha mchana aliniomba niketi naye tutazame sehemu mbili za tamthilia ya runinga ya The Andy Griffith Show. Alikulia kwenye shamba la tumbaku, na kila Aunt Bee, yule shangazi wa kwenye tamthilia, alipoonekana kibarazani huku wanaume wakipiga gumzo, aliinua kidole kuelekea kwenye runinga na kusema, "Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukikaa, mwanangu." Mimi niliyelelewa Lushoto, ambako baba na wenzake walikaa barazani na redio yao mpaka kiza kilipoingia, sikuhitaji maelezo zaidi. Miguu yake haimruhusu tena kusafiri, hivyo alinituma mimi niende Mount Airy nikamletee habari, nami nikafuatana na dada mmoja wa Bukavu ninayefanya naye kazi. Haya ndiyo tuliyoyaona, kwa faida ya yeyote anayefikiria safari hiyo.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, tamthilia hii ya vichekesho ilirushwa na kituo cha runinga cha CBS kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, ikafikisha sehemu 249, na katika msimu wake wa mwisho iliongoza kwa watazamaji Marekani nzima. Inamhusu Andy Taylor, sherifu, yaani mkuu wa polisi, ambaye ni mgane anayemlea mwanawe Opie akisaidiwa na shangazi yake, katika mji mdogo wa kubuni uitwao Mayberry. Sherifu kwa kawaida habebi bastola, na msaidizi wake Barney Fife, nafasi iliyompatia Don Knotts tuzo 5 za Emmy, ambazo ni tuzo za runinga za Marekani, anaruhusiwa risasi moja tu, ambayo huitunza mfukoni mwa shati. Visa vyake ni vidogo, na hapo ndipo ulipo utamu wake. Katika sehemu moja ya mwaka 1963, Opie anamuua ndege kwa manati, kisha baba yake anafungua dirisha la chumba ili mtoto asikie makinda yakimlilia mama yao. Opie anayalea makinda yale mwenyewe mpaka siku ya kuyaachia, na siku hiyo inamuuma. Bibi yangu ameitazama sehemu hiyo mara nyingi mno, na bado hunyamaza kimya kila dirisha lile linapofunguliwa.

Andy Griffith, mwigizaji aliyecheza nafasi ya sherifu huyo, alizaliwa Mount Airy mwaka 1926, na ingawa kwa miaka mingi hakupenda kukubali kwamba Mayberry ni mji wake, mji wenyewe ulikwisha kuamua. Viwanda vya nguo na soksi vilivyoajiri watu wengi vilipofungwa, wageni wanaoitafuta Mayberry wakawa sehemu kubwa ya riziki ya mji huu wenye wakazi wasiozidi 11,000. Kutoka Winston-Salem ni mwendo wa maili 40 hivi kwa barabara ya 52, na kabla hujafika utauona upande wako mlima Pilot, wenye kichwa cha mwamba kilichosimama juu ya miti kama kofia. Wapenzi wa tamthilia huanza kutabasamu hapo hapo, kwa sababu katika hadithi mji wa jirani unaitwa Mount Pilot.

Tulianza na jumba la makumbusho la Andy Griffith, lililofunguliwa mwaka 2009. Vitu vyake vingi vilikusanywa na Emmett Forrest, rafiki wa Griffith tangu utotoni, na mkono wa rafiki unaonekana: pamoja na shati la sherifu na funguo za jela ziko kumbukumbu za kijana maskini, mtoto wa seremala wa kiwanda cha samani, aliyejifunza kupiga tromboni kanisani. Si jumba kubwa, na mtu asiyeijua tamthilia anaweza kulimaliza haraka akabaki anajiuliza wenzake wanalia nini. Kwa anayeijua, lisaa limoja halitoshi. Karibu yake ipo shule ya zamani aliyosoma Griffith, ambayo sasa ni ukumbi wa maonyesho, na mbele yake imesimama sanamu ya shaba ya Andy na Opie wameshikana mikono, fimbo za kuvulia samaki mabegani, kama wanavyoonekana mwanzoni mwa kila sehemu. Wimbo wa kufungulia tamthilia ni wa mbinja, na mbinja hiyo ilipigwa na mtunzi wake mwenyewe, Earle Hagen, na ziwa wanaloliendea lipo Franklin Canyon, mjini Los Angeles. Nilipomwambia hayo mzee mmoja aliyekuwa akipiga picha na mjukuu wake, alinijibu kwa upole kwamba analijua jambo hilo tangu ujana wake, na kwamba ziwa la kweli ni lile alilovulia na baba yake.

Jibu lile lilinifaa siku nzima. Griffith mwenyewe alikwisha kueleza kwamba, ingawa walipiga picha katika miaka ya 1960, hisia ya tamthilia ilikuwa ya miaka ya 1930. Maana yake ni kwamba hata watazamaji wa kwanza walikuwa wakiangalia nyuma, na wanaokuja leo wanatamani kitu ambacho hata wakati huo kilikuwa kinakumbukwa tu. Sioni kosa lolote katika hilo. Shamba la tumbaku la bibi yangu lilikuwa na kazi ya kuvunja mgongo, na anaijua. Anachokililia ni ile saa moja ya jioni, kazi imekwisha, hakuna anayeharakishwa kwenda popote.

Chakula cha mchana tulikula Snappy Lunch, mgahawa uliofunguliwa mwaka 1923 na ambao ulitajwa kwa jina katika tamthilia yenyewe. Wenyeji hawana swali juu ya cha kuagiza: ni mkate wenye nyama ya nguruwe iliyokaangwa na unga, ukarundikiwa nyanya, kitunguu, haradali, rojo la nyama na kachumbari ya kabeji, hata ukishikwa kwa mikono miwili bado unamwagika. Mimi sili nguruwe, hivyo niliridhika na mkate wa yai na kahawa, lakini dada wa Bukavu aliumaliza wake wote, akafuta vidole, akaniambia, "Dada, huyu aliyepika hakupikia pesa, alipikia watu." Mlango wa pili ni kinyozi, Floyd's City Barber Shop, ambaye kuta zake zimefunikwa na picha za wateja toka juu hadi chini. Tulichungulia, tukasalimiwa kana kwamba tulikuwa tumechelewa kufika.

Lakini kama una muda na fedha za jambo moja tu, chagua safari ya gari la polisi. Magari yenyewe ni Ford za miaka ya 1960, yamepakwa rangi nyeusi na nyeupe, yana king'ora, na nauli hutozwa kwa gari wala si kwa kichwa, hivyo ni nafuu mkiwa wengi. Dereva wetu alikuwa mzee mwenye sauti nzito aliyezaliwa mji huo huo, na alichotupa hakimo katika kitabu chochote cha watalii. Alipunguza mwendo mbele ya nyumba aliyokulia Griffith, nyumba ya kawaida kabisa ambayo leo wageni huweza kuipangisha kwa usiku, kisha akatupeleka kwenye machimbo ya mawe meupe ya matale, ambayo wenyeji huyahesabu kuwa makubwa kuliko yote ya aina yake duniani. Pale alizima injini. Weupe ule ulienea mpaka macho yakauma, na akatuambia ni nani katika ukoo wake alichimba hapo na nani alishona soksi, akataja na walioondoka kwenda kutafuta kazi. Hakuwa na haraka. Alipowasha gari tena alianza kupiga mbinja, nasi tukajikuta tunaifuata, Mshambaa na Mkongo katika gari la sherifu wa Mayberry, tukiujua wimbo mpaka mwisho.

Magari huondokea kwenye kituo cha zamani cha petroli, na kando yake imejengwa upya ofisi ya sherifu, yenye meza, simu ya zamani na seli mbili. Usiipite. Katika tamthilia yumo mlevi aitwaye Otis, ambaye akizidiwa hujifungia mwenyewe selini, kwa sababu funguo zimetundikwa ukutani mahali anapoweza kuzifikia kwa mkono, na asubuhi hujifungulia akaenda zake. Tuliingia selini tukapigwa picha, nami nikanyoosha mkono nje ya nondo kujaribu.

Kuhusu maduka ya barabara kuu sina mengi ya kusema. Fulana na vikombe ni vilevile kila mahali. Katika duka moja, ambalo sitalitaja, niliuziwa diski ya sehemu chache za msimu wa 3, na nilipoiweka nyumbani nikakuta mbinja ya mwanzo imeondolewa na kuwekwa muziki mwingine usiohusiana. Hakimiliki ya baadhi ya sehemu za msimu huo ilikwisha kulegea, na wachapishaji wengi wakazitoa kwa bei rahisi. Ukitaka zawadi ya kweli, lipia mkusanyo kamili wa sehemu zote 249, na ujue kwamba misimu 5 ya kwanza, ya rangi nyeusi na nyeupe, ndiyo yenye Barney kama mhusika wa kila mara.

Liko jambo moja ambalo mtu mweusi hawezi kulinyamazia. Katika sehemu zote zile, zilizopigwa picha miaka ambayo wanafunzi weusi wa Greensboro, si mbali na hapo, walikuwa wakikaa kwenye meza za mikahawa iliyowakataa, kudai wahudumiwe, mtu mweusi alipata nafasi ya maana ya kuzungumza katika sehemu moja tu, mwaka 1967. Nilimuuliza bibi yangu juu ya hilo kabla ya safari, akafikiri kwa muda mrefu, akasema kwamba kwenye shamba lao la tumbaku watu weusi walikuwapo wengi, na hajui kwa nini hakuwahi kushangaa kutowaona kwenye tamthilia. Mount Airy ya leo ilitupokea kwa ukarimu mtupu, nami nailipa sifa yake yote. Ningependa tu makumbusho nayo yaliseme jambo hilo waziwazi, kwa sababu anayependa kitu anastahili kukijua chote.

Nendeni siku ya kazi, asubuhi mapema, ili mpate meza kwenye mgahawa na dereva asiye na foleni ya watu nyuma yake. Mwezi Septemba kuna sherehe za Mayberry Days, zinazofanyika tangu mwaka 1990, na mji hujaa. Tumekwisha kukubaliana kurudi wakati huo.

Niliporudi nilimpa bibi picha ya selini. Aliisogeza karibu na macho, akatutazama sisi wawili nyuma ya nondo, kisha akauliza kama funguo bado zinafikika. Nikamwambia nilijaribu kwa mkono wangu, zinafikika. "Vizuri," akasema, akaniomba niwashe runinga.