ADMAP-2, ramani ya sumaku ya Antaktika: nyota 4 kati ya 5

Wadau wa jiofizikia, wengi mnaniuliza kama hii ADMAP-2 inafaa kwa kazi ya kuchora mwamba ulio chini ya barafu inayoelea ya Ross (Ross Ice Shelf), kule Antaktika. Inafaa, ila soma kwanza kabla hujachoma bando.

Kwa asiyeijua, ni data za sumaku za Antaktika nzima zilizopimwa kwa ndege na meli, mistari zaidi ya kilomita milioni 3.5 imeunganishwa pamoja, ikatoka 2018, na ile ya kwanza ya 2001 haikufika hata nusu yake. Bure kabisa. Raha yake ni kwamba barafu haina usumaku, maji ya bahari nayo vilevile, kwa hiyo magnetomita (kipima sumaku) iko zake juu kwenye ndege inasoma mwamba wa chini bila barafu wala maji kuizuia. Rada haiwezi hilo, ikimaliza barafu ikakuta maji ya chumvi basi, safari imeishia hapo.

Sasa kinachoniudhi. Gridi yake ni ya kilomita 1.5, yaani kila kisanduku cha ramani kina upana huo, ukizumu unaona picha laini hadi unaamini kila kipande kimepimwa, kumbe wapi! Hata ROSETTA-Ice, ule mradi wa 2015 hadi 2017 uliotumia ndege za LC-130 zenye ski, ulipita Ross kwa mistari iliyoachana kilomita 10, na hao ndio tunaowasifu, maana 2019 walionyesha ulipo mpaka wa kijiolojia kati ya Antaktika Mashariki na Magharibi chini ya barafu hiyo. Hapo katikati ya mistari ni kompyuta inajaza yenyewe. Mimi nilichora ufa wa mwamba umenyooka safi, nikaringa nao wiki nzima, kuja kuweka mistari ya ndege juu yake naukuta umelaliana na mstari mmoja mwanzo mwisho 😂 kosa langu lakini. Kule kusini sumaku ya dunia yenyewe haitulii, dhoruba ya jua ikipiga vipimo vinarukaruka, na kituo cha ardhini cha kusahihishia kikiwa mbali ndio unabaki na michirizi inayofuata mistari ya ndege, kama huo niliouita ufa.

(Ross mwenyewe, yule nahodha James Clark Ross ambaye barafu hii ina jina lake, 1841 alikuwa anatafuta ncha ya sumaku, akakutana na ukuta wa barafu.)

Data za ROSETTA-Ice nazo ni bure, zishushe uziweke pembeni. Na leya ya mistari ya ndege usiizime hata ukiona inaharibu rangi za ramani.