Mita ya fundi ya kupimia umeme: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Wateja wengi dukani huuliza, "Inapima mpaka volti ngapi?" Angalia kwanza maandishi madogo kando ya matundu ya nyaya: CAT II, CAT III au CAT IV, yaani daraja la mahali ambapo mita ni salama kutumika. CAT II ni ya vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni ya mein swichi, breka na mota za fezi tatu. CAT IV ni ya pale waya wa nguzoni unapoingilia nyumba. Radi ikipiga karibu na laini, umeme huruka ghafla kwa maelfu ya volti, na wakati huo mita iko mkononi mwako. CAT II 1000V na CAT III 600V zote hujaribiwa kwa mruko wa volti 6,000, ila ya CAT III hupigwa kwa mkondo mara sita zaidi. Kwa hiyo kwenye breka, yenye 600 ndiyo imara.

Namba moja kwa fundi wa majumbani ni Fluke 101, mita ndogo ya kampuni ya Fluke. Ni CAT III 600V, inaingia mfukoni, na haina tundu la ampea. Wengi huona hapo pana upungufu. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuinunua. Ajali inayojulikana sana ni hii: fundi kapima ampea asubuhi, waya mwekundu ukabaki kwenye tundu la 10A, jioni anachomeka ncha kwenye soketi akitafuta volti. Tundu lile halina ukinzani wa maana, kwa hiyo ameunganisha waya wa moto na wa nyutro moja kwa moja. Shoti hiyo inaweza kumlipukia usoni.

Ya pili, mita ya klampu ya CAT III. Inapima ampea kwa kuukumbatia waya, hukati kitu.

Ya tatu ni multimita kamili, yaani mita moja inayopima volti, ampea na ukinzani, kama Fluke 117. Ni nzuri sana, bei tu ndiyo inayoishusha. Ukiipata ya mtumba, fungua mgongo uone fyuzi. Iwe ya kauri yenye mchanga ndani. Ikiwa kuna ya kioo, au kipande cha waya, achana nayo.

Ya nne ni ile ya njano, DT830. Kando ya tundu la 10A huandikwa "UNFUSED", yaani hakuna fyuzi. Ipimie betri na redio, usiipeleke kwenye volti 230, hata kama imechapwa CAT III. Alama ya CE, ya kukidhi viwango vya Ulaya, peke yake isikutulize, mara nyingi mtengenezaji hujiwekea mwenyewe. Tafuta UL, CSA au TÜV, alama za wapimaji huru.

Ya mwisho ni bisibisi ya testa. Taa yake huwaka kwa mkondo unaopita mwilini mwako, na ukisimama juu ya ubao mkavu inaweza kufifia ukadhani umeme umekatika. Usiitegemee peke yake.

Nyaya za kupimia nazo zina CAT yake. Ukifunga za CAT II kwenye mita ya CAT III, kazi yako yote ni ya CAT II. Kwa CAT III, chuma kinachobaki wazi kwenye ncha kisizidi milimita 4.