Uzamili wa uhifadhi SUA, Morogoro: nenda kwa ajili ya Mazumbai

Kama unataka kusoma uzamili wa wanyamapori na uhifadhi lakini unaogopa kuishia darasani, nakushauri SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Darasani pako sawa. Somo la takwimu ndilo linalotoa jasho. Kilichonikosha hasa ni Mazumbai, msitu wa chuo chenyewe kule Usambara Magharibi.

Pale unapima unene wa mti kwa futi kamba, mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu wa mteremko. Mti ukiwa na mizizi iliyotanuka shinani, unapima juu ya mizizi hiyo, la sivyo hesabu yako yote ya kaboni iliyomo kwenye miti inaharibika. Mzee wa kijijini aliyetuongoza alitaja miti kwa Kisambaa kabla hatujafungua kitabu. Mwalimu kweli kweli yule! Na lile ua la Saintpaulia linalouzwa kwenye vyungu Ulaya, nimeliona limejishika kwenye mwamba wenye kivuli, kwao kabisa.

Fedha za utafiti zitafute mapema, kabla hujaandika pendekezo, maana ndizo zinazochelewesha wengi. Na ubebe koti zito. Julai baridi ya kule inauma.