Darasa la ushairi wa dini Bagamoyo: beti mbili zilizokosekana

Nililipa shilingi 20,000 kwa Jumamosi nne za darasa la ushairi wa Kikristo, katika ukumbi wa kukodi mjini Bagamoyo, si mbali na misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868. Viti vilikuwa vya plastiki na feni moja tu, hayo yanavumilika.

Mada ilikuwa kwa nini washairi wa dini humwimba Mungu kwa lugha ya chumbani. Mwalimu alianza na Wimbo Ulio Bora, kitabu cha Biblia chenye sura 8 ambacho Bernardo wa Clairvaux, mtawa wa Ufaransa, alikiandikia hotuba 86, akafariki mwaka 1153 akiwa ndiyo kwanza ameingia sura ya 3. Aliyewahi kukesha na barua ya mpenzi wake ataelewa.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonirudishia fedha yangu. Tulisoma shairi la Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania aliyefungwa Toledo na watawa wenzake wa shirika la Wakarmeli mwaka 1577 na kutoroka mwaka uliofuata, kuhusu roho inayotoka nyumbani usiku, kwa siri, kumfuata mpenzi wake. Kwa Kihispania neno la roho ni la jinsia ya kike, hivyo mtawa mwanamume aliweza kusema kama bibi arusi. Kiswahili hakina mlango huo. Pale mpendwa wa kike anapogeuzwa kuwa yule wa kiume, tafsiri yetu ilibaki na "mpenzi" mara nne katika mistari miwili. Mwalimu aliiona hiyo ni hasara. Mimi naiona faida, kwa kuwa mistari hiyo inasimulia hasa wawili wasioweza tena kutofautishwa.

Lawama yangu ni moja. Shairi lina beti 8, lakini nakala tulizogawiwa zilikuwa na 6. Zilizoachwa ni ule ambamo mpenzi analala kifuani pa msemaji, na ule ambamo upepo, kwa mkono wake mtulivu, unamjeruhi shingoni. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba ni kwa heshima ya wazee. Bibi mmoja aliyekaa mbele alicheka: "Mwanangu, sisi tumechezwa unyago, tutaogopa shingo?" Mwalimu akazisoma kutoka kitabuni mwake, polepole, na hakuna aliyetoka nje. Bila beti hizo, ubeti wa mwisho, ambamo roho inajisahau na kuacha wasiwasi wake katikati ya mayungiyungi, ni usingizi wa mtu ambaye hakukumbatiwa na yeyote.

Awamu ijayo nitajiandikisha, ila nitaomba kuziona nakala kabla ya kulipa.