Tathmini ya MGB kama gari la kufufuliwa nyumbani

Nimefanya kazi miaka minne, jioni na siku za mapumziko, juu ya MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, ya wazi ya mwaka 1972 ambayo ilinifikia ikiwa na injini iliyokwama, sakafu iliyotoboka na rangi mpya iliyopakwa ili kuficha yaliyo chini yake. Sasa gari linatembea, na ninaliendesha kila juma. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu anayefikiria kulichukua gari la aina hii, kulifungua lote na kulifunga upya kwa mikono yake mwenyewe, pengine na kuliboresha kidogo njiani. Hukumu yangu naitoa mapema: injini na mitambo ya MGB humvumilia fundi anayejifunza kwa kiasi ambacho sijakiona katika gari jingine la michezo la zama zake, lakini bodi yake haivumilii kosa hata moja, na yeyote anayeanza na injini kwa sababu injini ndiyo inayovutia ameanzia mahali pasipofaa.

Gari hili lilianza kutengenezwa mwaka 1962 katika kiwanda cha Abingdon, Uingereza, na utengenezaji ukakoma mwaka 1980, baada ya magari zaidi ya nusu milioni kutoka. Wingi huo ndio neema ya kwanza kwa mfufuaji. Karibu kila kipuri, kuanzia gasketi ya hedi (kichwa cha injini) hadi raba ya kioo cha mlango, bado kinatengenezwa, na tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitoa bodi nzima mpya zilizokandamizwa kwa kalibu zilezile za kiwandani. Kwa gari lililoacha kutengenezwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, hilo ni jambo la kushukuru sana.

Tuanze basi na bodi, kwa kuwa ndiyo iliyonila nusu ya muda wangu wote. MGB haina chesisi ya kujitegemea kama magari ya michezo yaliyoitangulia. Nguvu yake yote imo ndani ya mabati yaliyochomelewa pamoja, na katika gari la wazi, lisilo na paa la kusaidia kubeba, mzigo mkubwa hubebwa na vizingiti, yaani ile mihimili mirefu inayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kizingiti kimoja si bati moja. Kuna bati la nje ambalo jicho huliona, kuna bati la ndani linaloshikana na sakafu, kati yake limesimama bati jingine linalogawa nafasi hiyo sehemu mbili, na chini kabisa kuna mkanda uliokunjwa unaoyafunga yote pamoja. Maji na matope huingia humo kutoka kwenye nafasi za magurudumu, hukaa, na kutu huanza ndani kwenda nje. Bati la nje linapoonyesha uvimbe mdogo chini ya rangi, yale ya ndani kwa kawaida yamekwisha kuoza zamani.

Wauzaji wengi, na mafundi wa haraka vilevile, hulijua hilo, na dawa yao ni kuchomelea bati jipya la nje juu ya lililooza. Gari langu lilikuwa limefanyiwa hivyo pande zote mbili. Dalili niliyopaswa kuisoma siku ya kwanza ni hii: fungua mlango, kisha uufunge polepole ukitazama mwanya ulio kati ya mlango na fenda ya nyuma. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, au kinyume chake, basi gari limeanza kupinda katikati. Pitisha pia mkono chini ya fenda ya mbele, nyuma ya gurudumu, pale kizingiti kinapoendelea hadi mwisho wake. Mtu aliyefanya kazi ya kuficha hafiki huko, kwa kuwa kufika kunadai fenda ifunguliwe. Fenda za mbele, kwa bahati njema, zimefungwa kwa bolti na hutoka nzima, ilhali za nyuma zimechomelewa na bodi.

Nilikata kizingiti cha kulia nikiwa na haraka. Gari lilikuwa limesimama juu ya stendi nne, milango nilikuwa nimeshaiondoa ili kupunguza uzito, na sikuwa nimechomelea chuma cha kushikilia uwazi wa mlango usibadilike. Nilipomaliza na kurudisha mlango, haukufunga: ulikuwa umezidi nafasi yake kwa milimita 6. Ilinibidi nikate kazi ya majuma matatu na kuianza upya. Nasema hili kwa uzito wote ili msomaji asilirudie kosa langu. Chomelea nondo au bomba la mraba kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, acha milango ikiwa imefungwa mahali pake, jaribu kuifunga baada ya kila hatua, na maliza upande mmoja kabisa kabla ya kuugusa wa pili. Vitobo vya kumwagia maji usivizibe, na baada ya kuchomelea jaza nta ya kuzuia kutu ndani ya kizingiti kupitia matundu yaliyopo.

Baada ya adha hiyo, injini ilikuwa kama likizo. Ni ya silinda nne zilizopangwa mstari, sentimita za ujazo 1798, ya chuma cha kusubu juu na chini, na fito za kusukuma valvu ambazo mtu anaweza kuzitoa kwa spana chache. Tangu mwisho wa mwaka 1964 krenki yake (shafti inayozungushwa na pistoni) inashikwa na beringi tano badala ya tatu, na mfufuaji anayechagua kati ya magari mawili ya zamani afadhali alijue hilo. Mwanya wa valvu ni inchi 0.015, mwanya wa platini (kikata umeme kinachozalisha cheche) ni inchi 0.014 hadi 0.016, cheche hufuata mpangilio wa 1-3-4-2, na mtu akishayashika hayo kichwani anaweza kuirekebisha injini hii popote ilipo. Nati na bolti zake nyingi ni za vipimo vya inchi, hivyo spana za milimita ziache kabatini. Nyingine hukaribia kuenea, na hapo ndipo pembe za nati huharibika.

Kabureta mbili za aina ya SU zina sifa mbaya ambayo hazistahili. Mtu akiwa amekagua kwanza platini, mwanya wa plagi na valvu, akazijaza oili nyepesi kwenye vichwa vyake, kisha akatumia kipande cha bomba la mpira kusikiliza mlio wa hewa katika kila moja na kuzisawazisha, zitakaa bila kuguswa kwa miezi mingi. Matatizo mengi yanayosemwa ni ya kabureta huwa ni ya umeme wa kuwasha. Jambo moja tu katika mitambo limenichosha: ili kubadilisha klachi, injini lazima itolewe kwa winchi, pamoja na giaboksi au bila hiyo, na hakuna njia ya mkato. Yeyote anayeitoa injini kwa sababu yoyote ile na abadilishe klachi pamoja na beringi yake ya kusukumia siku hiyohiyo.

Kuhusu waya, wengi huogopa bila sababu. Rangi zake zina kanuni moja ambayo magari ya Uingereza ya wakati huo yaliifuata: kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni ule unaopita kwenye swichi ya ufunguo, kijani umeshapita kwenye fyuzi baada ya swichi, na nyeusi ni ya kurudi kwenye bodi. Hitilafu karibu zote nilizozikuta zilikuwa kwenye maungio yenye kutu. Magari yaliyotengenezwa kabla ya mabadiliko ya mwishoni mwa mwaka 1967 yana dainamo (jenereta ya zamani), na upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Fundi asiyelijua hilo anaweza kuunguza kifaa kipya dakika ya kwanza anapokiunganisha.

Ubora wa vipuri vipya ndio lalamiko langu kubwa. Kuwepo kwa kipuri si sawa na kufaa kwake. Nilinunua kutoka kwa muuzaji mmoja kondensa (kifaa kidogo kinacholinda platini) na kile kidole kinachozunguka ndani ya kifuniko cha kugawia moto, vyote vipya ndani ya visanduku vizuri, na katika safari ya tatu gari lilizima na kukataa kuwaka. Kidole kilikuwa kikivujisha umeme kupitia ribiti iliyopigwa katikati yake, kasoro inayojulikana sana kwa waendeshaji wa magari haya. Vile vilivyotengenezwa bila ribiti havina tatizo hilo. Tangu siku ile sikitupi kipuri cha asili hadi kipya kimethibitika barabarani, na kipuri cha zamani kilicho kizima nakitanguliza mbele ya kipya cha asili isiyojulikana.

Sasa maboresho. Hapa nitakuwa na ukali kidogo, kwa sababu nimeona bodi nyingi zilizooza zikiwa zimefungiwa kabureta za aina ya Weber zinazong'aa. Kwenye injini ambayo kamshafti (shafti inayofungua valvu) na hedi yake ni za kawaida, kabureta hizo huongeza mlio na ulaji wa petroli kuliko zinavyoongeza nguvu. Boresho la kwanza lenye maana ni viti vigumu vya valvu za kutolea moshi, kwa kuwa hedi ya asili ilitengenezewa petroli yenye risasi, na bila risasi viti vyake laini huliwa gari likiendeshwa kwa kasi muda mrefu; kazi hiyo huhitaji mashine, kwa hiyo hedi ipelekwe kwa fundi wa mashine wakati injini imeshafunguliwa. La pili ni relei (swichi zinazoendeshwa na umeme) za taa za mbele, ambazo huuondoa mzigo kwenye swichi iliyozeeka na kuzipa taa volti zinazostahili. La tatu ni bushi (raba za maungio) za mikono ya chini ya mbele za aina iliyotumika kwenye MGB yenye injini ya V8: huingia bila kukata chochote na huuondoa mlegeo wa usukani bila ule ugumu wa bushi za plastiki, ambazo nilizifunga nikazitoa baada ya mwezi.

Kifaa cha kielektroniki cha kuchukua nafasi ya platini nakipendekeza kwa sharti moja, kwamba platini nzima na kondensa iliyojaribiwa zikae ndani ya gari daima. Kifaa hicho hakihitaji kurekebishwa, lakini kikifa hufa kabisa, ilhali platini iliyochoka bado humfikisha mtu nyumbani. Giaboksi ya gia tano naiona ya lazima tu kwa gari lisilo na ile gia ya ziada ya umeme (overdrive). Gari langu linayo, hufanya kazi kwenye gia ya tatu na ya nne, na kwa mwendo mrefu sihitaji zaidi.

Iko pia injini ya V8, ndoto ya wengi. Kiwanda chenyewe kiliifunga injini ya Rover ya sentimita za ujazo 3528 katika MGB zenye paa kati ya mwaka 1973 na 1976, na kwa kuwa injini hiyo ni ya aluminiamu, haizidi sana uzito wa ile ya chuma ya silinda nne. Lakini kuifunga nyumbani ndani ya bodi ya mwaka 1972 kunadai kukata kuta za nafasi ya injini na kuihamisha rejeta mbele, na gari zima lisilo na kutu la umri huo halistahili kutendewa hivyo. Mwenye ndoto hiyo na atafute gari la baada ya vuli ya mwaka 1974, lile lenye bampa nyeusi za raba ambalo wakusanyaji hulipita bila kulitazama. Kuta za injini za bodi hiyo tayari zimeumbwa kuipokea V8, katika magari ya kuanzia modeli ya mwaka 1977 rejeta imekwisha kusogezwa mbele, na ule urefu wa inchi moja na nusu ulioongezwa kwenye kimo cha gari, uliolifanya gari liyumbe kwenye kona, unaweza kuondolewa wakati kazi nyingine zote zinafanyika.