Kompyuta ya Mezani: Kebo au Wi-Fi?

Katika nyumba nyingi za Kampala ruta hukaa sebuleni, huku kompyuta ya mezani ikiwa chumba cha ndani, nyuma ya kuta mbili za matofali. Hapo ndipo mwenye nyumba huanza kufikiria kuachana na kebo.

Kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, wala haijali jirani amewasha ruta ngapi. Ni kweli kwamba kasi ya kifurushi cha intaneti cha megabiti 20 kwa sekunde haitaongezeka kwa sababu ya kebo. Faida yake ni uthabiti. Kwa Wi-Fi, masafa ya GHz 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini husongamana, ilhali ya GHz 5 yana kasi zaidi na hudhoofika upesi yakikutana na tofali. Isitoshe, kompyuta nyingi za mitumba hazina kadi ya Wi-Fi, hivyo hulazimu kununua adapta ya USB, ambayo ikichomekwa nyuma ya kasha la chuma hupokea mawimbi hafifu. Waya mfupi wa kuirefusha hadi juu ya meza husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kwa mikutano ya mtandaoni ya kila siku, ningebaki na kebo. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta atatosheka na Wi-Fi, ambayo ina sifa moja isiyotajwa sana: ukanda wa Ziwa Viktoria una radi nyingi, na kebo ya shaba iliyopitishwa nje ya nyumba inaweza kuuleta umeme wake hadi kwenye kompyuta.